Presently: Sasa, Papo Hapo, Baadaye Kidogo

Kielezi cha Kiingereza "presently" kina maana tatu, na hazipatani. Ya kwanza ni "sasa, kwa wakati huu". Ya pili ni "mara moja, papo hapo". Ya tatu ni "punde, baada ya kitambo kidogo". Maana ya pili imekwisha kutoweka katika mazungumzo ya leo, lakini imejaa tele katika maandishi ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, yakiwemo tamthilia za William Shakespeare na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Maana ya kwanza na ya tatu ziko hai zote mbili, kila moja na watu wake na mahali pake. Anayekutana na neno hili katika maandishi analazimika kujua kwanza sentensi iliandikwa lini, na iliandikwa wapi. Asipojua hayo, anaweza kusoma amri ya haraka akadhani ni ahadi ya baadaye.

Mzizi wa neno ni Kilatini "praesens", lililojengwa kwa "prae", yaani mbele, na kitenzi cha kuwa. Kilichoitwa "praesens" ni kilicho mbele ya mtu, kilichopo. Warumi walilitumia kwa mtu aliyehudhuria mahali na pia kwa wakati uliopo. Kifaransa cha Kale kililirithi kama "present". Kiingereza kikalichukua kutoka huko katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, Kifaransa kilipokuwa lugha ya watawala na ya mahakama nchini Uingereza. Kufikia mwaka 1300 hivi kivumishi kilikuwa kimeingia, na mwishoni mwa karne ya 14, zama za mshairi Geoffrey Chaucer, kikaongezewa kiishio cha "-ly" kinachogeuza vivumishi kuwa vielezi.

Maana mbili za mwanzo, "sasa" na "papo hapo", ni ndugu wa damu. Jambo linalotendeka katika wakati uliopo halina nafasi ya kungoja. Likitendeka sasa, limetendeka bila kukawia. Ndiyo maana waandishi wa karne ya 15 na ya 16 walitumia neno lilelile kwa hali iliyokuwapo na kwa tendo lililofanyika hima, na wasomaji wao hawakuona tatizo. Sentensi yenyewe ilitosha kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Shakespeare anatoa ushahidi ulio wazi kabisa. Katika sehemu ya nne ya tamthilia yake *The Tempest*, iliyoandikwa karibu na mwaka 1611, Prospero anamwamuru mtumishi wake Ariel, ambaye ni pepo, awalete wenzake kwa ajili ya onyesho la uchawi. Ariel anauliza kwa neno moja tu: "Presently?" Prospero anamjibu kwamba ndiyo, kwa kufumba na kufumbua. Mwanafunzi wa leo aliyezoea maana ya "baadaye kidogo" atasikia Ariel akiuliza kama anaweza kuchelewa, na jibu la Prospero litamshangaza. Kwa watu wa ukumbi wa London wa wakati ule swali lilikuwa jepesi: unataka sasa hivi? Jibu nalo lililingana na swali.

Biblia ya mwaka 1611, iliyotafsiriwa kwa idhini ya Mfalme James wa Kwanza, ina mifano yenye uzito zaidi kwa sababu maelfu ya watu wanaisoma hadi leo bila kubadilisha maneno yake. Katika Mathayo 21:19 Yesu anaulaani mtini usio na matunda, na mtini unanyauka "presently". Neno la Kigiriki linalotafsiriwa hapo ni "parachrema", lenye maana ya papo hapo, na aya inayofuata inawaonyesha wanafunzi wakistaajabia kasi ya jambo hilo. Mtini ungenyauka baada ya kitambo, kusingekuwa na la kustaajabia. Katika Mathayo 26:53, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu anasema Baba yake angeweza kumpa "presently" majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika. Nguvu yote ya kauli hiyo imo katika "sasa": msaada ulikuwa tayari wakati uleule, naye hakuuomba.

Mfano wa 1 Samweli 2:16 ndio unaoonyesha vizuri zaidi hatari ya kusoma neno la kale kwa sikio jipya. Wana wa Eli, makuhani wa Shilo, walikuwa wakimtuma mtumishi kudai nyama ya sadaka kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Mtu mwenye sadaka akimsihi aache mafuta yateketezwe kwanza, tafsiri ya 1611 inatumia "presently": yateketezwe hima, kisha achukue anachotaka. Mtumishi anakataa, anataka apewe nyama wakati huohuo. Msomaji akielewa "presently" kuwa "baadaye", mabishano yanageuka kichwa chini. Mcha Mungu ndiye anayeonekana kuahirisha ibada, na dhambi ya wana wa Eli inapotea machoni.

Watu waliorekebisha Agano Jipya la Kiingereza na kulichapisha mwaka 1881 waliliona tatizo hilo. Katika habari ya mtini waliondoa "presently" wakaweka "immediately", na katika Wafilipi 2:23, ambapo Paulo anatumaini kumtuma Timotheo bila kukawia, wakaweka "forthwith". Maana ya Kigiriki ilikuwa ileile ya siku zote. Kiingereza ndicho kilichokuwa kimesogea, na tafsiri ikabidi isogee nacho.

Kusogea huko kulifanyika polepole, kati ya karne ya 16 na ya 17, na hakuna mwaka mmoja unaoweza kutajwa kuwa ndio ulioleta badiliko. Neno lililodai utendaji wa papo hapo likaanza kuruhusu pumzi moja, kisha dakika kadhaa, kisha kitambo kisichopimwa. Sababu yake haimo ndani ya neno bali katika tabia ya wanaolitumia. Mtu aliyeitwa hujibu kwa neno la haraka zaidi alilo nalo, kwa adabu au kwa woga, halafu humaliza kwanza alichokuwa akifanya. Anayengoja hujifunza maana ya neno kwa kupima muda anaongojeshwa, na mtoto anayekua akisikia jibu hilo kila siku hulipokea likiwa tayari na kuchelewa ndani yake. Kiswahili chenyewe kinaifahamu hali hii. "Nakuja sasa hivi" ya mtu aliyeko upande wa pili wa mji haimfanyi msikilizaji asimame kufungua mlango.

Thibitisho kubwa la maelezo haya ni kwamba "presently" halikuanguka peke yake. Karibu kila kielezi cha haraka kilichozoeleka katika mazungumzo ya Kiingereza kilipita njia hiyohiyo, na baadhi vilitangulia kwa karne nyingi. "Soon", ambalo leo kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua kuwa "hivi karibuni", lilikuwa "sona" katika Kiingereza cha Kale, na maana yake ilikuwa mara moja. Mabaki ya maana hiyo yamo katika "as soon as", fungu linalomaanisha "mara tu": hapo hapana muda unaopita kati ya tendo la kwanza na la pili. Fungu limehifadhi kile ambacho neno likiwa peke yake limekipoteza.

"Anon" nalo lilitokana na maneno mawili ya Kiingereza cha Kale, "on an", yaani "katika moja": katika tendo moja, kwa mkupuo mmoja. Likawa jibu la kawaida la watumishi wa vilabu vya pombe mteja anapoita. Shakespeare analitumia hivyo katika sehemu ya kwanza ya *Henry IV*, iliyochapishwa mwaka 1598. Mwanamfalme Hal na rafiki yake Poins wanamtesa kijana mhudumu aitwaye Francis. Mmoja anamshikilia kwa maswali huku mwingine akimwita kutoka chumba kingine, na Francis anajibu "anon" tena na tena bila kuondoka alipo. Wahusika wanacheza, lakini tukio linaonyesha kwa usahihi namna neno linavyochakaa. Katika *Romeo and Juliet*, iliyotangulia miaka michache, Juliet yuko juu dirishani usiku, yaya wake anamwita kutoka ndani. Juliet anajibu kwa "anon", na baadaye kwa "by and by", kila mara akibaki kuzungumza na Romeo kidogo zaidi. Ahadi ni ya papo hapo, mwenendo ni wa baadaye, na neno limekwama katikati.

"By and by" lina historia ya kupindapinda kuliko yote. Mwanzoni, katika karne ya 14, lilihusu mpangilio: kimoja baada ya kingine, kwa zamu. Kutoka hapo likapata maana ya "bila pengo", yaani mara moja, na ndiyo maana inayosomeka katika Biblia ya 1611. Katika Marko 6:25 binti ya Herodia anaingia kwa haraka mbele ya mfalme na kuomba kichwa cha Yohana Mbatizaji kikiwa katika sinia, "by and by". Hakuomba kwa siku nyingine. Alikitaka palepale, kabla mfalme hajapata nafasi ya kubadili nia, na Herode akamtuma askari mara hiyohiyo. Ukatili wa ombi umo katika uharaka wake, na neno linalobeba uharaka huo leo linasikika kama la mtu asiye na papara. Katika Luka 21:9 hali ni hiyohiyo: Yesu anaonya kwamba vita vitatangulia, lakini mwisho hautakuja papo hapo. Warekebishaji wa 1881 waliliondoa fungu hilo katika aya zote mbili. Kufikia wakati wao lilikuwa limekwenda mbali mno na uharaka. Wimbo wa kidini wa Kimarekani *In the Sweet By and By*, uliotungwa mwaka 1868, unalitumia kama jina la wakati ujao kabisa, ule wa kukutana mbinguni.

Mkondo huo haujakauka. "Directly", lenye maana ya "moja kwa moja, bila kukawia", limekuwa "baada ya muda" katika lahaja za kusini mwa Marekani. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, mtu akisema atafanya jambo "just now" anaweza kuwa anazungumzia saa kadhaa mbele, jambo linalowachanganya wageni wengi. Maneno yaliyoshikilia uharaka wake, kama "forthwith" na "straightway", ni yale yaliyokimbilia kwenye hati za mahakama na kwenye maandiko matakatifu, mahali ambapo hakuna anayeyatumia kumtuliza anayengoja. "Immediately" bado limesimama imara, ingawa nalo linasikika kila siku midomoni mwa wahudumu na makarani.

Kamusi zilifuata badiliko hili kwa mbali kidogo. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliipa "presently" maana ya "kwa wakati huu, sasa" kwanza, kisha akaweka "mara moja" na "punde baadaye" pamoja chini ya namba moja. Kwa mwanakamusi makini wa katikati ya karne ya 18, tofauti kati ya papo hapo na baadaye kidogo ilikuwa bado haijastahili mstari wake. Noah Webster, katika kamusi ya Kimarekani ya mwaka 1828, alizitenganisha. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna miaka 73, na ndani ya miaka hiyo maana ya "baadaye kidogo" ilikuwa imekwisha kujijengea makao yake.

Makao hayo yalikuwa hasa katika riwaya. Simulizi huhitaji neno jepesi la kusogeza saa: mgeni ameketi, chai imeletwa, kitambo kimepita, mlango umefunguliwa. Jane Austen alilitumia "presently" kwa kazi hiyo mara nyingi katika riwaya zake za miaka ya 1810. Mark Twain alilitumia vivyo hivyo katika *The Adventures of Tom Sawyer*, iliyochapishwa mwaka 1876, ambamo watoto hukaa kimya na kisha, "presently", jambo hutokea. Kwa wasomaji waliolelewa na vitabu kama hivi, neno lilipata ladha ya simulizi ya jioni, na maana nyingine zikaanza kuonekana kama makosa.

Lakini maana ya "sasa" haikuwahi kufa. Katika maandishi ya kifasihi ya Uingereza ilififia baada ya karne ya 17, kwa sababu inayoeleweka: neno likishakuwa na maana ya baadaye, kulitumia pia kwa sasa kunaleta utata, na "now" na "at present" yalikuwapo kufanya kazi hiyo. Uskoti haikufuata. Wanasheria, wachungaji na magazeti ya Uskoti waliendelea kuandika "presently" kwa maana ya "hivi sasa" bila kukatizwa, na hivyo ndivyo inavyosikika huko hata leo. Amerika Kaskazini maana hiyo iliendelea kutumika pia, ikashamiri katika karne ya 20 katika lugha ya ofisi na ya habari. India imeizoea, na ndiyo inayoonekana mara nyingi katika barua rasmi na wasifu wa waombaji kazi wanaoandika Kiingereza Afrika Mashariki, pale mtu anapoeleza anafanya kazi wapi kwa sasa.

Walinzi wa lugha waliipinga. *The Elements of Style*, kitabu maarufu cha mwongozo cha William Strunk na E. B. White, kinakiri kwamba neno lina maana mbili na kushauri ibaki ile ya "baada ya muda mfupi". Wengine walikwenda mbali zaidi, wakaiita maana ya "sasa" uzushi wa Kimarekani. Hukumu hiyo haina msingi katika historia. Maana inayoitwa mpya ndiyo kongwe kuliko zote, ilikuwapo kabla Mzungu yeyote wa Uingereza hajaweka makazi Marekani, na ile inayotetewa kuwa sahihi ndiyo iliyozaliwa mwisho. Ushauri wa Strunk na White una mantiki kwa sababu nyingine, ya kuepusha utata, na kwa sababu hiyo tu.

Mahali ambapo maana ya "sasa" ina nguvu kuliko kokote ni katika sheria. Kanuni za mfano za kampuni zilizoambatanishwa na Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 1948, zijulikanazo kama Jedwali A, ziliipa kampuni haki ya kushikilia hisa ambazo hazijalipiwa zote kama dhamana ya fedha inayodaiwa, iwe "presently payable" au la. Kampuni iliweza kuziuza hisa hizo ikiwa tu deni lilikuwa "presently payable", yaani limekwisha kuiva na linapaswa kulipwa sasa. Sheria ya Makampuni ya Kenya, Sura ya 486, iliyotungwa kwa kufuata ile ya 1948 na kudumu hadi ilipopishwa na sheria mpya ya mwaka 2015, iliyarithi maneno hayo. Mwenyehisa ambaye angeyasoma kwa maana ya "litakaloiva hivi karibuni" angedhani kampuni inaweza kumnyang'anya hisa kabla ya siku ya malipo kufika.

Australia ina mfano mzito zaidi. Sheria yake ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1936, kifungu cha 97, inamtoza kodi mnufaika wa amana kwa sehemu ya mapato ambayo yeye ni "presently entitled", yaani anayostahili kwa sasa. Asipokuwapo anayestahili hivyo, mzigo wa kodi unamwangukia mdhamini anayeisimamia amana. Mahakama za huko zimeshughulika na maneno hayo mawili kwa miongo mingi, na tafsiri yao inasimama juu ya wakati uliopo: mnufaika awe na haki kisheria, sasa, ya kudai alipwe. Haki itakayokuja kesho haihesabiwi. Kodi ya familia na biashara nyingi inategemea kielezi ambacho mwandishi wa riwaya angekitumia kumaanisha kinyume.

Lugha nyingine zilizorithi mzizi huohuo zilibaki mahali pake. Kifaransa kina "présentement", na maana yake ni "kwa sasa" tu. Nchini Ufaransa linasikika la kizamani kidogo, lakini ni la kawaida kabisa Kanada na katika nchi za Afrika zinazozungumza Kifaransa. Msomaji wa Kinshasa au Bujumbura anayejifunza Kiingereza ana sababu ya kuwa mwangalifu hapa, kwa maana sura ya neno inamhakikishia jambo ambalo Kiingereza hakimhakikishii. Kihispania na Kiitaliano pia vina "presentemente", na huko nako wakati ni huu uliopo.

Katika Kiingereza cha leo, kitenzi ndicho kinachoamua. Kitenzi cha hali iliyopo, kama kuishi, kumiliki au kufanya kazi, kikiwa katika wakati uliopo, "presently" ni "kwa sasa". Kitenzi kikiwa cha wakati ujao, ni "punde" au "hivi karibuni". Kikiwa cha wakati uliopita ndani ya simulizi, ni "baada ya kitambo". Kiswahili kina neno linaloegemea kitenzi kwa namna inayofanana: "hivi karibuni" huelekea nyuma katika "alifika hivi karibuni" na mbele katika "atafika hivi karibuni", na hakuna anayepotea kwa sababu kiambishi cha wakati kimekwisha kusema. Kiingereza hukwama pale umbo la wakati uliopo linapotumika kwa jambo lijalo, kama katika sentensi ya mtu "anayeondoka presently". Huenda yuko mlangoni sasa, huenda ataondoka baada ya nusu saa. Hapo sarufi haisaidii, na mwandishi makini huchagua "now" au "soon".

Kwa mfasiri, maandishi ya kabla ya mwaka 1650 yanamtaka ajaribu kwanza "mara" au "papo hapo", na aiache maana hiyo pale tu muktadha unapoikataa. Riwaya za karne ya 18 na ya 19 zinadai "punde" au "baada ya kitambo". Hati za sheria na za ofisi, pamoja na maandishi ya wanasheria, wachungaji na magazeti ya Uskoti, ni "kwa sasa". Kazi ngumu ni ya maandishi yaliyosimama mpakani, ya nusu ya pili ya karne ya 17, ambapo mwandishi mmoja anaweza kutumia maana zote tatu katika kitabu kimoja. Huko kila sentensi husomwa peke yake, pamoja na inayotangulia na inayofuata.